Ukucha wa Babu Mifupa

Sura ya Saba

Kesi hii ilianza na unga. Unga mweupe, kidogo tu, kiasi cha kujaza kifuniko cha chupa ya soda, ulikutwa sakafuni chini ya mguu wa kulia wa dinosaria. Ndio uliomfanya Inspekta aache chai yake ya asubuhi nusu kikombe, jambo ambalo mumewe aliapa halijatokea tangu wafunge ndoa.

Saa mbili na nusu alikuwa keshafika makumbusho. Mwanamke mfupi, mnene wa kiasi, viatu vya mpira, kwapani daftari la shule la jalada la bluu. Ukumbi mkubwa ulikuwa mtupu. Katikati, nyuma ya uzio wa kioo unaofika kifuani, alisimama yule ambaye wafanyakazi wote walimwita Babu Mifupa: hatua ishirini kutoka pua hadi ncha ya mkia, mbavu kama paa ambalo halijaezekwa, meno marefu kama visu vya jikoni, na kichwa kimeinama kana kwamba anatafuta kitu alichokiangusha. Inspekta alimtazama kuanzia juu mpaka chini, halafu kuanzia chini mpaka juu.

"Shikamoo, babu," alisema.

Nyuma yake mtu akacheka. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, ndoo mkono mmoja na ufagio wa mpini mrefu mkono wa pili. Ndiye msafishaji wa ukumbi, na kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

"Haitikii huyo," Shangazi alisema. "Mimi namwamkia kila asubuhi, mwaka wa kumi na mbili huu. Leo ndiyo kwanza amenijibu, na jibu lenyewe ndilo hilo hapo chini." Akaonyesha unga kwa kidevu. "Ni mimi niliyemgonga, mwanangu, sifichi. Mpini uliteleza ukampata kwenye ukucha. Ncha ikakatika kama chaki. Nikasema basi, leo nimemuua mtu aliyekwisha kufa."

Inspekta alichuchumaa. Ukucha wenyewe ulikuwa wa kahawia, umepinda kama mundu, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, umeshikwa na kikamata cha chuma chenye skrubu mbili. Ncha yake ilikuwa imepotea, na pale ilipokatika palikuwa peupe. Alipokuwa chini aliona na ndoo ya Shangazi: vitambaa vinne vilivyokunjwa vizuri, kisu butu cha kubandulia chingamu, kipande cha sabuni, na kichupa kidogo cha dawa ya kufuta rangi ya kucha. Akatazama vidole vya Shangazi. Kucha fupi, safi, hazijawahi kuonja rangi. Inspekta akaandika mstari mmoja kwenye daftari, akalifunga.

Viatu viligonga sakafu. Mkurugenzi wa makumbusho aliingia, mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye leso ambayo haikupata nafasi ya kukauka.

"Umeuona mweupe?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Nimeuona."

"Mfupa wa Babu si mfupa tena. Miaka milioni mia moja na zaidi udongoni, umegeuka jiwe. Ukiuvunja, ndani ni kahawia vilevile. Mweupe ni plasta. Mtu ameiba ukucha wa kweli akatuwekea wa bandia." Akafuta paji la uso. "Na mtu huyo namjua. Twende ofisini."

Ofisini chai ilikuwa tayari mezani, na barua ilikuwa tayari kando ya chai. Mkurugenzi aliisogeza mbele. Ilikuwa ya kumfukuza kazi mlinzi wa ukumbi na kumkabidhi polisi kwa wizi.

"Uzio una kilango kimoja," alisema. "Kilango kina ufunguo mmoja. Ufunguo uko kiunoni mwa mlinzi, usiku na mchana. Halafu jana jioni nimemwona mwenyewe akitoka na mfuko mzito, akijikunja upande mmoja. Bodi inakaa saa nane mchana. Nitawasomea barua, tumalize."

"Mlinzi huyu ana muda gani hapa?"

Mkurugenzi akatazama dirishani. "Miaka ishirini na minane. Kesho anastaafu."

"Kesho."

"Ndiyo kesho. Naye alijua ni nafasi yake ya mwisho."

Inspekta alivuta kikombe chake. Kilikuwa juu ya karatasi nene ya rangi ya maziwa, yenye madoa ya chai ya duara, moja juu ya jingine. Vidole vyake vilipita juu ya vinundu vidogo vidogo, safu kwa safu, kama ngozi iliyosisimka kwa baridi.

"Karatasi gani hii?"

"Ilikuja kwa posta mwezi uliopita. Tupu, haina hata neno moja. Nadhani ilinyeshewa njiani ikavimba. Lakini ni nene, inafaa kuwekea vikombe."

"Naweza kuiazima?"

Mkurugenzi alimwangalia kama mtu aliyeombwa aazimishe jivu. "Chukua."

Inspekta aliikunja akaiweka ndani ya daftari. "Na hiyo barua usiitie sahihi mpaka saa nane. Kalamu haiozi."

*

Mlinzi alikuwa kwenye kibanda chake mlangoni mwa ukumbi, ameketi wima kwenye kiti kisicho na mgongo. Mzee mwenye mvi zilizochongwa vizuri, sare imepigwa pasi hata mifukoni. Watoto wa shule wanaokuja kutembea walikuwa wamempa jina, nalo lilimganda: Mzee Usiguse. Neno hilo ndilo walilolisikia kwake kuanzia mlangoni hadi mkiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Inspekta. Pingu umekuja nazo?"

"Nimekuja na maswali tu."

"Afadhali pingu. Pingu hazina maneno mengi."

Inspekta akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Magotini mwa suruali ya mzee, pamoja na pasi yote ile, palikuwa na vumbi jeupe.

"Hilo ni plasta?"

Mzee akatazama magoti yake, akapangusa, vumbi likahamia mkononi. "Plasta ndiyo. Kila asubuhi kabla ya kazi nakwenda karakana, mimi na Fundi tunacheza drafti. Meza yake haina pa kuweka hata sarafu, kwa hiyo tunacheza sakafuni, nimepiga magoti. Muulize. Mwambie akueleze na matokeo, maana hataki kuyasema mwenyewe."

"Na mfuko wa jana?"

Mzee alivuta mfuko kutoka chini ya kiti. "Huu wa leo ndio safari ya pili. Unahamisha miaka ishirini na minane, haiingii mara moja." Inspekta akatoa kitu kimoja kimoja: birika lililopinda mdomo, sahani ya bati, soksi mguu mmoja, kitabu cha sala, na redio kubwa ya mbao. Akaitikisa redio. Ndani kitu kizito kikagonga.

"Fungua tu," mzee akasema.

Akafungua. Betri sita zilizovuja na kuliwa na kutu zilimtumbulia macho.

"Ilikufa mwaka wa tatu tangu nianze kazi," mzee akaeleza. "Lakini ilinizoea."

Inspekta alicheka, na mzee naye akataka kucheka, ila kicheko kilimfia njiani. Akakazia macho mikono yake.

"Mke wangu ameshona gauni la kuja kunisindikiza kesho. Wajukuu watano, kila mmoja na viatu vipya. Sasa niwaambie nini? Babu yenu alilinda mfupa maisha yake yote, akauiba siku ya mwisho?"

"Mzee, ukiushika ule ukucha, ukoje? Mzito? Mwepesi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijawahi kuushika. Wala ukucha, wala jino, wala mkia. Nitamkatazaje mtoto wa watu asiguse, halafu akigeuka nishike mimi?" Alisema hivyo bila kujisifu, kama mtu anayesema hatumii sukari.

Inspekta akaomba daftari la funguo. Mzee alilitoa kwenye droo, limefungwa kwa karatasi ya gazeti. Kila aliyeingia ndani ya uzio aliandikwa humo: tarehe, saa, jina, sababu, na sahihi. Shangazi kila asubuhi, dakika kumi na tano, mzee amesimama akimtazama. Mbali na Shangazi, kwa mwaka mzima kulikuwa na mistari miwili tu, yote ya miezi miwili iliyopita. Tarehe tatu: Fundi, kutoa ukucha wa kulia kwa ajili ya kunakili. Tarehe kumi: Fundi, kurudisha ukucha.

"Kwa hiyo kwa wiki nzima ukucha ulikuwa nje ya uzio."

"Ulikuwa karakana. Na karakana haina ufunguo," mzee akasema. "Ina Fundi."

*

Fundi alikuwa mtu wa mwili mkubwa na vidole vyembamba, kana kwamba mikono aliazima kwa mtu mwingine. Karakana yake ilinuka mpira na rangi. Mafuvu ya plasta yalipangwa rafuni kama mikate, na ubao wa drafti ulikuwa sakafuni, mchezo haujamalizika, nyeusi zimebaki mbili.

"Nyeusi ni za nani?" Inspekta akauliza.

"Tuzungumze kesi," Fundi akasema.

Basi neno la kwanza la mzee likawa limethibitika. Inspekta akaweka juu ya meza ukucha uliovunjika, ambao Mkurugenzi, aliyekuwa amemfuata nyuma na leso yake, alikuwa ameufungua kwenye kikamata. Fundi akauinua, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mfereji wa ubavuni.

"Kazi nzuri," alisema. "Aliyetengeneza huu anajua anachokifanya."

"Nani mwingine hapa anajua?"

"Hakuna. Ni mimi peke yangu."

"Basi ni wako."

"Si wangu." Alisema kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi. "Mimi nimetengeneza mmoja tu, kwa ajili ya sanduku la kugusa. Lile sanduku tulilowapelekea shule ya watoto wasioona, wapate kumjua Babu kwa mikono. Mifupa minane ya plasta na ukucha wa tisa. Wangu uko huko. Na wangu una alama." Akafungua droo, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva. "Kila nakala ninayoitoa naitia nukta moja nyekundu, kwa chini, hapa. Hii ni ya mke wangu, lakini hakuna rangi inayoishinda. Kwa maji haitoki, kwa jasho haitoki, kwa mate ya mtoto haitoki. Sasa tazama huu. Una nukta?"

Inspekta akatoa miwani ya kukuzia. Akatazama upande wa chini, mahali kidole cha Fundi kilipoonyesha. Hapakuwa na nukta.

"Unaona? Si wangu."

"Na kwa uzito huwezi kutofautisha?"

"Hapo ndipo ufundi ulipo. Plasta tupu ni nyepesi, mtoto angedhani ameshika mkate. Nimetia nondo na mchanga ndani. Ukizipima kwa mkono, pacha. Kwa macho, pacha. Ndiyo maana ya nukta, bibie. Bila nukta hata mimi mwenyewe ningepotea."

Inspekta aliyaandika maneno hayo ya mwisho kama yalivyo.

"Tarehe kumi. Nieleze ulivyourudisha ukucha wa kweli."

"Kucha zote mbili zilikuwa hapa mezani tangu jana yake. Asubuhi nikachukua usio na nukta, nikaenda kumvika Babu. Nikafunga skrubu. Nikatia sahihi."

"Na uliobaki mezani?"

"Ulibaki kwenye pamba yake. Mkurugenzi akauweka sandukuni, sanduku likaenda shuleni."

"Uliutazama? Ulikuwa na nukta?"

Fundi akakitazama kichupa cha rangi.

"Uliobaki ndio wenye nukta," alisema polepole. "Ukishachukua usio nayo, ya nini kumtazama mwenzake?"

Inspekta akamgeukia Mkurugenzi. "Nawe?"

"Mimi nilikuta mmoja mezani nikapakia mmoja," Mkurugenzi akasema. "Fundi huwa hakosei."

"Tarehe tisa jioni alikuwepo nani humu?"

"Si mimi," Fundi akasema. "Jino liliniuma tangu saa sita, nikaenda kung'olewa. Karakana niliiacha wazi ili isafishwe."

"Basi tumwite anayesafisha."

*

Shangazi aliingia na ndoo yake, akajifuta mikono kwenye aproni, akawatazama watu watatu wamesimama kimya kuzunguka meza.

"Kuna msiba?"

"Bado," Inspekta akasema. "Shangazi, nimeona kitu kwenye ndoo yako, nacho kinanisumbua tangu asubuhi. Wewe kucha hupaki rangi."

"Nipake nimdekee nani?"

"Dawa ya kufutia ya nini?"

"Ah, hiki." Akainua kichupa kwa fahari. "Hiki ndicho mume wangu wa pili. Kinatoa wino wa kalamu, kinatoa gundi, kinatoa rangi ya mdomo, maana kuna wanaokuja hapa kubusu vioo. Watoto wa shule mnawaona vile wamevaa sare? Wanaacha mambo nyuma yao."

"Na rangi ya kucha, umewahi kuifuta?"

"Mara moja." Shangazi akatikisa kichwa, akianza kucheka. "Wasichana wa siku hizi hawana adabu. Nilikuwa humu humu jioni, Fundi alikuwa amekwenda kung'oa jino. Nakuta kucha za Babu zimelazwa mezani, mbili, kwenye pamba, naona huruma kwa kweli, kama miguu ya mgonjwa. Nageuza mmoja nipanguse vumbi, nakuta wamempaka rangi. Nyekundu. Tone zima. Nikasema jamani, mzee wa miaka milioni mia, kucha za kuulia nyama, leo mnampamba kama bibi harusi. Nikaifuta vizuri, hata alama haikubaki. Nilikuwa sijamwambia mtu, nisiwachongee watoto."

Fundi alitafuta kiti kwa mkono, bila kutazama, akakaa juu ya fuvu.

"Nimekosea?" Shangazi akauliza.

"Kitendawili," Inspekta akasema.

Kwa mazoea ya utotoni Mkurugenzi na Shangazi wakajibu pamoja: "Tega."

"Nina pacha wawili. Wa plasta nimemketisha kwenye kiti cha enzi, nimemzungushia kioo, nimemwekea na askari. Wa kweli nimempeleka kwa jirani achezewe na watoto."

Leso ya Mkurugenzi ilisimama katikati ya paji la uso. "Miezi miwili," alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku darasa moja. Wanaugonga mezani. Wanauangusha." Akashika ukuta. "Wanaulamba, Inspekta. Watoto wadogo hulamba."

"Gari lako lina mafuta?"

"Lina."

"Tunakwenda wanne. Fundi atauthibitisha, wewe utaendesha. Wa nne ni Mzee Usiguse."

"Mlinzi? Wa nini?"

"Kwa sababu mpaka sasa haya ni maneno yangu tu," Inspekta akasema, "na barua yako bado iko mfukoni mwako. Kama nimekosea, mshitakiwa awe karibu. Kama sijakosea, nataka aone."

*

Njiani Mkurugenzi aliendesha kama aliyebeba mayai, na katika kila shimo aliguna kana kwamba ukucha uko tayari ndani ya gari. Mzee alikaa nyuma karibu na Fundi, kofia ya kazi magotini.

"Nyeusi ni zako," mzee alimnong'oneza Fundi, "na mbili haziwezi kufika popote."

"Nyamaza. Huu si wakati."

"Nikifungwa, ubao usiuguse."

Shule ilikuwa majengo matatu ya matofali yaliyounganishwa kwa kamba ya kushikia iliyofungwa nguzo kwa nguzo. Mwalimu wa sayansi aliwapokea mlangoni mwa darasa, kijana mrefu wa miwani nyeusi, macho yake yenyewe hayakuwa yakiona tangu kuzaliwa. Aliwapa mkono mmoja mmoja, na kwa kila mkono akasema kitu. "Huyu ni wa plasta," akamwambia Fundi. "Huyu ana wasiwasi," akamwambia Mkurugenzi.

Sanduku la kugusa lilikuwa juu ya meza ya mbele, kila mfupa katika shimo lake la pamba. Mkurugenzi alilifungua kwa mikono miwili. Jino, pingili ya mkia, kipande cha ubavu, kidole. Mifupa minane. Shimo la tisa lilikuwa tupu.

Mkurugenzi alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakafika kidevuni. Mzee akavua kofia yake. Inspekta peke yake hakuangalia shimo; alikuwa akitoa karatasi ndani ya daftari, ile nene ya rangi ya maziwa.

"Mwalimu," akasema, "nina karatasi hapa yenye vinundu. Naomba unisomee."

Mwalimu akaipokea, akaitandaza dawatini, vidole vikaanza kutembea. Baada ya mstari mmoja akatabasamu.

"Ina madoa ya kitu kinachonata," alisema. "Sukari?"

"Chai."

"Nilikuwa nikijiuliza kwa nini sijibiwi." Akarudi mwanzo, akasoma kwa sauti: "Kwa Mkurugenzi wa makumbusho. Tunashukuru kwa sanduku. Mifupa minane ni ya plasta: ukiishika inapata joto la mkono upesi, ukiigonga kwa ukucha wa kidole inajibu kama mlango wa mbao. Lakini wa tisa ni baridi hata baada ya darasa zima kuupitisha, na ukiugonga unalia kama kikombe cha udongo. Huo si wa plasta. Nahisi mmetuletea kwa makosa. Nimeufungia kabatini usipate madhara, watoto wanaushika wakiwa wamekaa chini juu ya mkeka, mmoja mmoja, nami nikiwa karibu. Tafadhali njooni." Kidole kikafika chini. "Tarehe ishirini, mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita," Inspekta akarudia, akimtazama Mkurugenzi. "Mfuko wa jana ulikuwa na redio."

"Lakini Mwalimu," Mkurugenzi akalalamika kutoka chini dawatini, "mbona uliniandikia kwa nukta za wasioona?"

"Anayeniandikia kwa kalamu alikuwa likizo. Nikasema watu wa makumbusho wanasoma hata nyayo za miaka milioni mia. Nukta zangu za jana hazitawashinda."

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kabati, akatoa kitu kilichoviringishwa ndani ya sweta la mtoto. Akakiweka mezani akakifunua. Ukucha ulikuwa mzima, kuanzia shina hadi ncha, bila mkwaruzo. Fundi akaugonga mara moja kwa ukucha wake mwenyewe. Ukalia, ting, kama kikombe. Kicheko kikamwisha. Akainama akautazama kama mtu aliyemkuta ndugu yake kituoni.

"Ndiye," alisema.

Mkurugenzi aliinuka. Alitoa barua kwenye mfuko wa koti, akaichana mara mbili, akakosa pa kuitupa, akairudisha vipande mfukoni. Kisha akamgeukia mlinzi. Alionekana anatafuta maneno makubwa, na hakuyapata.

"Mzee wangu," alisema, "nimekukosea. Nisamehe."

"Yamepita," mzee akasema.

"Bodi nitaiambia ukweli wote. Hata wa chai."

"Sasa ubebwe," Inspekta akasema. "Fundi mikono inamtetemeka kwa kucheka, Mkurugenzi inamtetemeka tangu asubuhi. Atabeba mzee."

Mzee akarudi hatua nyuma. "Mimi?"

"Kuna mwingine unayemwamini?"

Mzee alitoa mfukoni glavu nyeupe za sherehe, alizozihifadhi kwa ajili ya kesho, akaanza kuzivaa. Mwalimu alisikia kitambaa.

"Vua hizo, mzee. Ukivaa glavu hutasikia kitu."

Basi Mzee Usiguse akavua. Akanyoosha mkono, ukasimama hewani kidogo, kwa mazoea ya miaka ishirini na minane. Halafu akashika. Kidole gumba kikaingia kwenye mfereji wa ubavuni, kikaufuata taratibu mpaka kwenye ncha, kikarudi.

Wote walimngoja aseme kitu.

"Wa baridi kweli," alisema.

Aliupakata njia nzima, ndani ya lile sweta la mtoto, na hakumruhusu mtu hata amshikie kofia. Saa nane kasorobo alifungua kilango kwa ufunguo wa kiunoni, akamshikia Fundi ukucha wakati akikaza skrubu, kisha akachukua daftari la funguo na kuandika mstari mpya kwa herufi za kujivuna: *Mlinzi, kurudisha ukucha.* Fundi alikwenda kuutilia ncha mpya ule wa plasta, uende kwenye sanduku lake. Safari hii, kwa shauri la Mwalimu, alichimba nukta ya kuingia ncha ya kidole, ambayo hata kichupa cha Shangazi kisingeiweza. Shangazi aliikagua akasema ni nzuri, ila ingekusanya vumbi.

*

Siku ya pili, saa moja kabla ya mzee kuagwa, darasa la mwisho la watoto liliingia ukumbini likipiga kelele kama kuku waliofunguliwa. Inspekta alikuwa amealikwa, amesimama karibu na mke wa mzee aliyevaa gauni jipya. Msichana mmoja mdogo alipenyeza mkono kwenye upenyo wa kilango, akijinyoosha kwa vidole vya miguu kuelekea mguu wa kulia wa Babu Mifupa.

"Usi..." mzee akaanza.

Mtoto akarudisha mkono haraka. "Nilitaka kujua ukoje tu," alisema.

Kwa miaka ishirini na minane waliuliza hivyo, na kwa miaka ishirini na minane jibu lilikuwa neno moja. Mzee alivua kofia, akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto.

"Njoo karibu," alisema. "Na wenzako waite. Nitawaambia ulivyo."